Burundi: Waliohifadhi simulizi bila majina yao kuhifadhiwa

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylstèke alipita Burundi akiwa na mashine ya kurekodi sauti. Alichokusanya kilitolewa kwenye santuri na kampuni ya Ocora ya Ufaransa, na sehemu ya ngoma ikazunguka dunia nzima. Mwaka 1971 ngoma hizo zilichanganywa na magitaa na kinanda huko Ulaya, zikauzwa kwa jina la "Burundi Black". Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akaziweka katika wimbo wake. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kwenye santuri ile ile upo wimbo mwingine ambao haukuwa na bahati hiyo. Hauna ngoma wala zeze. Ni sauti mbili za kike zinazopokezana haraka kiasi kwamba msikilizaji hajui ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Kichwa chake kwa Kifaransa kinasema tu kwamba ni akazehe ya wasichana wawili. Wasichana gani, wa kilima gani, walifundishwa na nani, kichwa hakisemi. Ikiwa walikuwa na umri wa miaka kumi na mitano siku ile, leo wamepita sabini.

Wapiga ngoma nao hawakutajwa mmoja mmoja, hilo likubalike. Lakini ngoma ilipata mlezi: ilipata serikali, sheria, ziara za Ulaya na kituo cha Gishora karibu na Gitega ambako wageni hupelekwa kuitazama. Akazehe ilibaki mikononi mwa wanawake wenyewe.

Mfanyabiashara anayevuka Kobero kutoka Kabanga na kushuka Muyinga, akafika vilima vya Mwakiro kutafuta maharage au ndizi, anajua kwamba huku salamu si neno moja. Mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za mvua kabla bei haijatajwa. Akazehe ni salamu ya namna hiyo iliyogeuzwa kuwa wimbo. Wanawake wawili wanaokutana baada ya kutoonana kwa muda hushikana, mmoja huanza na mwenzake hupokea, na ndani ya wimbo huo hutakiana amani, watoto na ng'ombe. Si wimbo wa jukwaani. Ni salamu ya uani na ya njiani, na huimbwa na wanawake kwa wanawake. Mtafiti mwanamume aliyekaa na watu wazima chini ya mti, mtungi wa pombe ya ndizi ukiwa katikati, angeweza kuishi Burundi mwaka mzima asiisikie hata mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa. Majina yanayotajwa kila mara panapozungumzwa ukusanyaji wa simulizi za Burundi ni ya wanaume. Hans Meyer, Mjerumani, alitoa kitabu chake juu ya Warundi mwaka 1916. Padri Bernard Zuure aliandika juu ya roho ya Mrundi mwaka 1932. Padri Francis Rodegem alikusanya methali na kuzitoa mwaka 1961, akaongeza mkusanyiko wa fasihi mwaka 1973. Mbelgiji Jan Vansina, aliyefanya kazi Burundi na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoa mwaka 1972 kitabu kizima cha masimulizi ya kihistoria ya Burundi. Hizi ni kazi kubwa, na bila hizo mengi yangepotea. Kasoro yake ni kwamba kwa kiasi kikubwa wanaume waliwauliza wanaume.

Vansina mwenyewe aliona jambo ambalo lingepaswa kubadili njia hiyo. Rwanda ilikuwa na wataalamu wa ikulu waliopewa kazi ya kukumbuka: abiru waliotunza siri za ibada za kifalme, na abacurabwenge waliotunza nasaba za wafalme na mama zao. Burundi ilikuwa na watu wake wa mambo ya siri na koo za wapiga ngoma, lakini haikuwa na masimulizi rasmi ya ikulu kwa kiwango hicho. Historia ilisimuliwa na watu wa kawaida majumbani kwao. Sasa, kama kumbukumbu ya nchi imewekwa majumbani, nani anaishika nyumba? Anayewasimulia watoto usiku, anayewatega vitendawili wasilale kabla chakula hakijaiva, anayembembeleza mtoto mgongoni kwa wimbo, mara nyingi ni mama au bibi. Mswahili akisema "kitendawili" hujibiwa "tega". Mrundi akisema "sokwe" hujibiwa "niruze". Mtoto wa Muyinga aliyekulia kati ya lugha hizo mbili hupata mafumbo ya pande zote mbili.

Aliyeandika jambo hili kwa ufasaha zaidi alikuwa mwanamke, na jina lake halijulikani sana hata kwa Warundi wenyewe. Ethel Albert, Mmarekani aliyesomea falsafa kabla ya kugeukia utafiti wa jamii, alifanya kazi Burundi kuanzia 1955 hadi 1957. Ni mwaka huo wa 1955 ambapo makumbusho yaliyo leo Makumbusho ya Taifa yalianzishwa Gitega, mji uliokuwa ukiandikwa Kitega. Makumbusho yalikusanya ngoma, vikapu, silaha na picha za watawala. Albert alikusanya maneno: watu wanasemaje, nani anaanza, nani ananyamaza, na kwa nini.

Makala yake mashuhuri zaidi, iliyotoka Marekani mwaka 1964, inaeleza jinsi Warundi walivyoliona neno kuwa mali. Mkubwa husema kwanza, anayemfuata kwa cheo hufuata, na mdogo hungoja. Vijana wa kiume wa koo kubwa walifundishwa tangu wakiwa na umri wa miaka kama kumi namna ya kuomba, kushukuru, kujitetea na kusifu. Wasichana wa koo hizo walifunzwa kinyume chake: kunyamaza kwa heshima, kukwepa swali bila kukosa adabu, na kusikiliza. Usikilizaji wenyewe haukuwa wa kupitisha muda. Msichana alitakiwa kuyashika maneno ya wageni na majirani hata aweze kuyarudia karibu neno kwa neno baadaye, faraghani, kwa watu wa nyumba yake.

Hiyo ni kazi ya mtunza kumbukumbu. Kabla ya kinasa sauti kufika Burundi, palikuwa na wasichana waliolelewa kunasa sauti. Aliyeketi kimya pembeni mwa baraza, ambaye mgeni mwenye daftari hakumwuliza kitu, huenda ndiye aliyeondoka na mazungumzo yote kichwani. Albert alizungumzia koo za juu, na si haki kumpa kila mwanamke wa kila kilima malezi hayo. Mkulima alikuwa na shule yake nyingine ya maneno, ile ya kujiokoa mbele ya mwenye nguvu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kufanya biashara na mama wa Kirundi, mtaratibu wa maneno, ambaye baada ya miezi sita anakumbuka bei uliyomtajia na sababu uliyompa, atakubali kwamba somo hilo halikuishia kwenye nyua za watawala.

Albert aliandika pia juu ya wanawake wa Burundi peke yao. Kazi hiyo ilitoka Paris mwaka 1960 katika kitabu kilichohaririwa na Denise Paulme, ambamo kila sura imeandikwa na mwanamke, kisha ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1963. Katika utangulizi Paulme alilisema wazi tatizo ambalo wengine walilipita kimya: sehemu kubwa ya utafiti wa Afrika ilifanywa kwa kuwahoji wanaume, kwa hiyo sura ya mwanamke iliyoingia vitabuni ni ile aliyonayo mwanamume kichwani mwake.

Kulikuwa na wengine. Rosemary Guillebaud, mmisionari Mwingereza, alikuwa binti wa mfasiri wa Biblia aliyefariki Burundi, na akaendelea na kazi ya baba yake hadi Biblia nzima ya Kirundi ikatoka mwaka 1967. Kazi ya kutafsiri humlazimu mtu kusikiliza jinsi watu wanavyosema kweli, na Guillebaud alisikiliza. Mwaka 1950 alichapisha London sura juu ya wazo la Mungu katika Ruanda-Urundi, akieleza Warundi na Wanyarwanda walimwazaje Imana kabla na baada ya dini mpya. Mwaka 1969 mmisionari mwingine, Mmarekani Elizabeth Cox wa kanisa la Free Methodist, alitoa kamusi ya Kirundi na Kiingereza. Mwaka mmoja baadaye ikatoka kamusi ya Rodegem ya Kirundi na Kifaransa, na wasomi wengi wakitaka neno la Kirundi humtaja Rodegem. Lugha ya serikali na vyuo ilikuwa Kifaransa, hilo lilichangia. Hata hivyo Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiingereza kikaanza kutafutwa Bujumbura, kamusi ya mama huyo ilikuwa imeshakaa rafuni karibu miaka arobaini.

Lakini Albert, Guillebaud na Cox, hata wakisahauliwa, majina yao yako kwenye majalada. Nyuma ya kila mmoja wao walikuwapo wanawake wa Kirundi waliowaambia neno linatumikaje, fumbo hili jibu lake nini, mwali huimbiwa wimbo gani siku ya kutolewa. Kwao kusahauliwa ni mara mbili.

Jirani zao wa Kenya walipitia njia tofauti, na sababu moja ilikuwa soko. Fasihi simulizi ilipoingia katika masomo ya sekondari na mitihani, wachapishaji walihitaji vitabu, na vitabu vilihitaji watu wa kwenda vijijini na kinasa sauti. Wanawake waliosoma walikuwa tayari. Rose Mwangi alikuwa ametangulia mwaka 1970 na hadithi za Wakikuyu. Mwaka 1983 Naomi Kipury alitoa fasihi simulizi ya Wamaasai, na mwaka huo huo Wanjiku Mukabi Kabira akaandika juu ya msanii wa simulizi mwenyewe, kwa maana mtu anayesimulia na si hadithi peke yake. Ciarunji Chesaina alifuata mwaka 1991 na simulizi za Wakalenjin, kisha za Waembu na Wambeere mwaka 1997. Asenath Bole Odaga wa Kisumu aliona kwamba kuandika tu hakutoshi, akaanzisha pamoja na mumewe kampuni yao ya uchapishaji, Lake Publishers, mwaka 1982. Mkusanyaji aliyeshika pia duka la vitabu hakuhitaji kumbembeleza mtu jina lake liwekwe jaladani.

Burundi haikupata msukumo huo. Mwaka 2007 ilipotoka juzuu kubwa ya maandishi na simulizi za wanawake wa Afrika ya Mashariki, iliyohaririwa na Amandina Lihamba, Saida Yahya-Othman na wenzao, nchi zilizomo zilikuwa tano: Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia. Zambia imo, Burundi haimo. Ukisimama Kobero ukatazama malori yanayopita kwenda na kurudi, ni vigumu kueleza mpaka huo ulichorwa kwa kipimo gani. Huenda ni lugha, maana kitabu kiliandaliwa na watu wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Huenda ni vita. Mwaka 1993 Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya miaka kumi, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka kwenda Ngara, Kibondo na Kigoma. Bibi aliyekimbia na wajukuu usiku hakubeba daftari, na wengi wa umri wake hawakurudi.

Hata hivyo simulizi haikunyamaza wakati wa vita. Ilihamia redioni, na huko mwanamke alikuwa mbele. Marie-Louise Sibazuri, mwandishi wa michezo na msimulizi wa hadithi, ndiye aliyeandika "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye ndugu, mchezo wa redio wa Kirundi uliotayarishwa na Studio Ijambo kuanzia 1997. Watu wa makabila yaliyokuwa yakiuana walisikiliza familia mbili jirani zikigombana na kupatana. Sibazuri hakulitoa hilo hewani tu. Methali, mafumbo na namna ya kumaliza ugomvi bila kumvunjia mtu heshima ni mali ya uani, ile ile ambayo Albert aliiona miaka arobaini nyuma. Jalada la namna hii halikai rafuni, lakini ni jalada.

Akazehe nayo ilipata mtu wake. Mwitalia Serena Facci, mwanamuziki mtafiti aliyewahi pia kufanya kazi kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini, aliichambua salamu hiyo kwa makini ambayo haikuwa imepewa kabla. Aliandika sauti mbili zinavyoingiliana kama meno ya msumeno, na akaionyesha kuwa ni heshima rasmi ya wanawake, yenye kanuni zake kama vile mchezo wa ngoma ulivyo na kanuni zake. Makala yake ilitoka Venice mwaka 1996, kwa Kiitaliano, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyetaka kujua wanawake wa Burundi husalimianaje alipaswa kwanza kujua lugha ya Roma.

Katikati ya miaka hiyo serikali ya Burundi ilikumbuka ngoma tena. Agizo la rais la Oktoba 2017 liliwakataza wanawake kuzipiga, na likaweka ada ya faranga 500,000 kwa anayetaka wapiga ngoma kwenye sherehe yake isiyo ya serikali. Wenye agizo walisema wanalinda urithi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, kundi la wanawake la Ingoma Nshya lililoanzishwa mwaka 2004 na Odile Gakire Katese lilikuwa likipiga ngoma zilizokuwa za wanaume na kualikwa nchi za nje. Pande mbili za mto mmoja, urithi mmoja, uamuzi tofauti. Lakini hata aliyeunga mkono agizo la Burundi angeweza kuuliza swali moja: ikiwa ngoma ni ya wanaume na inalindwa kwa sababu hiyo, basi kilicho cha wanawake kinalindwa na nani?

Swali hilo lina upande wa fedha, na wafanyabiashara wataliona mara moja. Ngoma za mwaka 1967 ziliuzwa upya Ulaya kama malighafi: aliyezichanganya alipata jina na mauzo, aliyezipiga alibaki kilimani. Mali isiyo na jina la mwenyewe haina pa kudaiwa. Kenya ililitazama hilo mwaka 2016 ilipopitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, inayotaka jamii husika iridhie kabla mtu hajaichukua simulizi au wimbo wake kwenda kuuza. Sheria kama hiyo haiwezi kumsaidia mtu ambaye kwenye kanda ameandikwa "msichana".

Siku hizi mashine ya kurekodi imo mfukoni mwa kila mtu. Mjukuu anayetoka Mwakiro kwenda kuuza Ngara, au anayeshuka kupitia Karuzi kwenda Gitega, anaweza kurekodi salamu ya bibi yake kabla hajafunga mzigo, na wengi hufanya hivyo bila kufikiri kwamba ni utafiti. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno machache mwanzoni mwa kanda: jina la anayeimba, kilima chake, tarehe, alifundishwa na nani, na kama ameridhia isikike kwa wengine. Wakusanyaji wa zamani waliokuwa na pesa, magari na vyuo nyuma yao walishindwa mara nyingi kuuliza hayo. Mjukuu anauliza kwa dakika moja, na jibu la "alifundishwa na nani" huwa jina la mwanamke mwingine, aliyefariki, ambaye hakuna daftari lililowahi kumtaja.

Kwa anayetaka kuona kazi ya Facci, makala yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2020 na kutolewa katika jarida la Society for Ethnomusicology linalopatikana kwenye intaneti. Inasomeka hata kwa simu, katika foleni ya Kobero, wakati karatasi za forodha zikisubiri muhuri.